Fundi wa AC Malindi: makundi matano yananiita, niingie lipi?

BaridiMalindi (ameuliza)

Salaam aleikum wakubwa. Kazi ni AC, friji, friza na vyumba vya baridi, Malindi mjini hadi Watamu na ng'ambo ya Sabaki mpaka Mambrui. Mafundi wawili: mimi na kijana mmoja. Cheti cha NITA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) kipo, jina la biashara limesajiliwa, PIN ya kodi ya KRA ipo. Wateja wa sasa ni mabucha na maduka, wanaopiga simu siku mashine imekufa. Ninaowataka ni nyumba za wageni na hoteli ndogo, zenye AC nne mpaka kumi na tano, zifunge mkataba wa matengenezo wa mwaka.

Mialiko iliyoko mezani ni hii. Kundi la WhatsApp la mafundi wa AC wa Pwani, watu zaidi ya 600, bure. Tawi la kaunti la KNCCI, chama cha kitaifa cha wafanyabiashara na wenye viwanda, kwa ada ya mwaka. Klabu mpya ya kupelekeana wateja, kila wiki saa moja asubuhi, kila taaluma mtu mmoja. Chama cha vijana 14 wa mtaa, mchango 1,000 kwa mwezi, wanataka kuomba zabuni. Na klabu ya hisani ya mtindo wa Rotary.

Muda nilio nao ni saa tatu kwa wiki. Pesa taslimu isizidi 3,000 kwa mwezi, nauli na chai zikiwemo. Niingie lipi, na nitajuaje kama linalipa?

---

MizaniYaDuka

Waaleikum salaam fundi. Umeanzia kwenye majina ya makundi, na hapo ndipo wengi hupotea. Anzia kwa mteja unayemtaka: AC ya nyumba ya wageni ikiharibika usiku, nani anajua kabla yako?

Wa kwanza ni mgeni. Wa pili ni mwangalizi wa nyumba. Mwenye nyumba yuko Italia au Nairobi, anapata habari kwa simu, na jibu lake huwa "mtafute mtu". Sasa mwangalizi anamtafuta nani? Anamwita aliye karibu. AC ikiangusha swichi ya umeme, anaitwa fundi umeme. Maji yakichuruzika ukutani, anaitwa fundi bomba, kwa sababu mwangalizi anadhani ni bomba limepasuka, kumbe ni njia ya kutolea maji ya AC imeziba. Yupo na msafishaji wa bwawa la kuogelea, ambaye watu humsahau. Huyo anaingia nyumba zilezile mara mbili tatu kwa wiki, msimu na msimu usio na wageni, na mashine ya nje ya AC anaipita akienda kwenye pampu yake. Hakuna fundi Malindi anayeona AC nyingi za watu kuliko yeye. Ongeza muuza vipuri vya umeme, fundi wa sola, na anayefua mashuka ya nyumba za wageni.

Hao sita au saba ndio kundi lako. Mwaliko wowote upime kwa swali moja: wangapi kati yao wanakaa pale?

Kwa kipimo hicho, kundi la mafundi 600 halina mteja hata mmoja, lina washindani. Usilikimbie lakini. Ndimo utakamopata kadi ya umeme ya AC ya muundo wa zamani, mtu wa kukuazima mashine ya kuvuta hewa kwenye mabomba, na jibu la haraka kama mashine ya gesi ya R-32 imewahi kujazwa gesi nyingine. Nyamazisha mlio wake, liingie ukiwa na swali. Hilo si kundi la biashara, ni maktaba.

KNCCI ina matawi kwa kaunti na ina kazi zake: sauti ya wafanyabiashara mbele ya serikali, maonyesho, na cheti cha asili ya bidhaa kwa anayesafirisha mali nje. Fundi wa AC hasafirishi korosho. Nenda kwenye mikutano yao ya wazi miwili mitatu kabla ya kulipa ada, utazame kama wenye hoteli ndogo wanakuja wenyewe au wanatuma karani.

Rotary ilianzishwa na Paul Harris kule Chicago mwaka 1905, na mwanzoni kusaidiana kibiashara kulikuwa sehemu ya mambo yake. Leo ni klabu ya huduma. Ukiingia na kuuza AC katika mkutano wa pili wataacha kukusalimu. Ingia kama unataka kuchimba visima na kusomesha watoto. Biashara ikija, inakuja baada ya miaka, tena kwa mlango wa nyuma.

Inabaki hiyo klabu ya kila wiki. Mtindo wa kiti kimoja kwa kila taaluma ulienezwa na BNI, mtandao wa klabu za kupelekeana wateja wa Ivan Misner, ulioanza Marekani mwaka 1985. Faida yake ni kwamba hakuna fundi AC mwingine mezani. Hasara yake ni kwamba kiti kikikaliwa na mtu asiyekutana na wateja wako, nacho kimezibwa. Muulize mwenyekiti orodha ya waliokwisha lipa, si ya walioalikwa. Ukikuta mawakala wa bima watatu waliopewa majina tofauti ya kazi, mkufunzi wa mafanikio ya maisha na muuza virutubisho, shukuru kwa chai uondoke.

Na kuna jambo watu wa pwani hatulipendi kulisikia: jamaa wa karibu si chanzo kizuri cha kazi mpya. Mwanasosholojia Mark Granovetter alipochunguza watu waliobadilisha kazi katika kitongoji cha Boston, utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliona kwamba kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu, na asilimia 16.7 ndio waliokuwa wakionana naye mara kwa mara. Sababu yake yaeleweka: ndugu yako anajua unayoyajua. Msafishaji wa bwawa anajua nyumba usizowahi kuzikanyaga.

---

Bi_Hesabu

MizaniYaDuka kasema kuhusu watu, mimi naongeza hesabu, kwa sababu "bure" na "ada ndogo" ndizo zinazokula faida.

Chukua klabu ya kila wiki. Mikutano minne ya saa moja na nusu ni saa 6. Ongeza saa 2 za kuonana na mwanachama mmoja mmoja, maana bila hizo klabu haikufai. Jumla saa 8 kwa mwezi. Tuseme saa yako moja ya kazi inakuletea 400 baada ya gharama: hiyo ni 3,200. Tuktuk 200 kwenda na kurudi mara nne, 800. Chai na mandazi 300 mara nne, 1,200. Jumla 5,200 kwa mwezi, 62,400 kwa mwaka, na ada ya uanachama bado sijaigusa. Taslimu ni 2,000 tu, kwa hiyo uko ndani ya bajeti yako, lakini gharama yenyewe ni zaidi ya mara mbili na nusu ya hiyo taslimu.

Upande wa pili: nyumba yenye AC 8, kila moja isafishwe mara 4 kwa mwaka kwa 1,500, ni 48,000. Toa dawa ya kusafishia, usafiri na mshahara wa kijana, tuseme ibaki nusu, 24,000. Basi klabu inakuhitaji upate mikataba mitatu ya ukubwa huo ili ijilipe mwaka wa kwanza. Weka bei zako halisi mahali pa hizi za mfano, ukate shauri mwenyewe.

Usipime kwa pesa katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu mkataba hauivi upesi. Pima kwa daftari. Kila aliyekutajia mteja, andika tarehe, jina lake, amekupeleka kwa nani, ulipiga simu lini, kazi ilikuwa gani, kiasi gani, na wewe ulimpelekea nini. Siku 90 zikipita, hesabu. Ikiwa safu ya "amenipeleka" ina majina chini ya matatu, kosa ni moja kati ya mawili: kundi si lako, au hawajaelewa unachofanya. Safu ya "nilimpelekea" ikiwa tupu, kosa ni lako, wala usihame kundi. Utalibeba hilo kosa uendako.

Na makundi ya kuhudhuria yasizidi mawili. Saa tatu kwa wiki hazitoshi matatu.

---

KaskaziNaKusi

Nyongeza fupi kuhusu wakati, kwani kundi zuri kwa wakati mbaya ni sawa na jahazi lililongoja upepo wa mwaka ujao.

Desemba hadi Machi hoteli zina wageni. Hakuna meneja atakayekaa nawe. Baada ya Pasaka mvua inakaribia, nyumba nyingi zinapunguza kazi au kufunga hadi Juni, na hapo ndipo matengenezo makubwa hufanyika. Lakini orodha ya matengenezo na bajeti yake huandikwa kabla, Februari na Machi. Anayefika Mei na kadi yake anakuta kazi imekwishagawiwa. Kwa hiyo jenga mazoea nao Septemba na Oktoba, peleka makadirio ya bei Februari, fanya kazi Aprili na Mei. Kabla ya Julai, wageni wa kiangazi cha Ulaya hawajafika, pita tena.

Saa nayo. Wageni wanatoka kama saa nne asubuhi, wapya wanaingia kuanzia saa nane mchana. Meneja anapumua saa tisa, saa kumi. Ijumaa mchana usiite mkutano. Ramadhani usiite mkutano wa chai saa moja asubuhi halafu ushangae viti vitupu. Uweke baada ya tarawehe, na utashangaa watu wanavyokaa hadi usiku wa manane.

Ukipewa nafasi ya kusema neno, sema kuhusu chumvi. Mashine ya nje ikiwa karibu na ufuo, mapezi yake, vile vibati vyembamba vya alumini, yanaliwa na hewa ya bahari, joto halitoki, kompresa inafanya kazi zaidi ya uwezo wake na bili ya umeme inapanda. Kuiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi kunasaidia, na swichi izimwe kwanza. Kila mwenye nyumba ya ufukweni analielewa hilo bila kueleweshwa, wala hujamwomba kitu.

---

MwanaMuyeye

Mnazunguka mbuyu. Mpe mwangalizi asilimia 10 ya kila kazi, ataita wewe tu. Malindi ndivyo ilivyo.

---

MizaniYaDuka

Kaka, naijua desturi, na ndiyo inayowafukuzisha watu. Mwangalizi akila asilimia 10 kwa siri, bei inapanda kuifidia. Siku mwenye nyumba akilinganisha na jirani yake, hafukuzwi mwangalizi peke yake. Halafu Sheria ya Hongo ya 2016 haiishii kwa watu wa serikali, inagusa na biashara binafsi. Malipo ya siri kwa mfanyakazi wa mteja si mahali pa kujenga mkataba wa mwaka.

Kuna njia safi. Mwachie mwangalizi karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la swichi: tarehe ya kusafishwa kila AC, gesi gani, tarehe ijayo. Akiulizwa na tajiri wake kwa simu, anasoma. Umempa heshima mbele ya mwajiri. Na ripoti ya mistari mitatu kwa Kiitaliano itumwe kwa mwenye nyumba baada ya kila kazi. Malindi haikosi mtu wa kukuandikia. Kati ya mafundi wenzako wa kundi, mkikubaliana wazi kwamba anayeleta kazi anapata kiasi fulani na mteja anajua, hilo ni jambo lingine.

---

KatibaMkononi

Kuhusu hao vijana 14. Wazo la zabuni si baya: asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa serikali uitwao AGPO. Lakini kikundi kinachoomba kinapaswa kuwa na angalau asilimia 70 ya wanachama wa kundi hilo, na uongozi wote uwe wao. Kijana kwa sheria ni aliyetimiza miaka 18 na hajatimiza 35. Wewe ukiwa na 38, unaweza kuwa mwanachama, mwekahazina hapana. Na mkishinda zabuni ya kuleta AC sita, mnanunua nyinyi kwanza, mnalipwa baadaye, na "baadaye" ya serikali mnaijua. Uliza mtaji wa kununulia unatoka wapi. Jibu likiwa "tutaona", mmekwisha.

Kabla ya kutoa shilingi, omba uone vitu hivi: cheti cha usajili kutoka ofisi ya Maendeleo ya Jamii (Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi), katiba yenye kifungu cha mtu anayetoka anarudishiwa nini, taarifa ya benki ya miezi mitatu, na waweka saini watatu ambao wawili lazima wakubali pesa kutoka. Mchango unaokwenda kwenye simu binafsi ya mwekahazina ni mchango wa mwekahazina.

Na ukiambiwa faida yako inatokana na kuleta wanachama wapya, hilo ni upatu wa piramidi hata wakiliita mtandao wa wajasiriamali.

---

BaridiMalindi

Shukran sana. Miaka ni 31, kwa hiyo hapo nimepona. Klabu ya kila wiki nimepitia orodha: waliolipa ni tisa, fundi umeme yumo, wa bwawa hayumo, bomba hayumo. Je, nisubiri wajae au? Na hao watu nikiwapata niseme nini? "Mimi fundi AC" kila mtu anasema.

---

MizaniYaDuka

Usisubiri. Hudhuria kama mgeni mara mbili, halafu walete wewe hao wawili wanaokosekana. Ukikuta klabu haichukuliki, anzeni meza yenu: watu wanane hadi kumi, kazi moja mtu mmoja, wote wanaohudumia nyumba kati ya Watamu na Mambrui. Mara mbili kwa mwezi, kwa muda wa saa moja tu. Dakika kumi habari za nyumba zinazofunguliwa au kubadili meneja, nusu saa kila mtu aseme anatafuta mteja gani wiki hizi mbili, na kwa jina la mtaa: "nyumba za Mayungu zenye AC zaidi ya tano", si "mteja yeyote". Dakika za mwisho, nani alimpeleka nani na ikawaje. Asiyehudhuria mara tatu bila udhuru, kiti chake kinaachwa wazi. Msiandikishe chochote mwanzoni. Siku mtakapoanza kuchanga pesa ndipo mrudi kwa KatibaMkononi.

La kusema: usiwaambie cheo chako, wafundishe dalili. Fundi bwawa hawezi kukumbuka "huduma za ubaridi", lakini atakumbuka vitu vitatu: maji yanadondoka ukutani chini ya AC, bomba la shaba kwa nje limeshika barafu, mashine ya nje inanguruma na feni haizunguki. "Ukiona kimojawapo, piga picha unitumie kabla hujamwambia mtu azime na kuwasha." Basi. Barafu kwenye bomba inaweza kuwa chujio chafu tu, kazi ya dakika ishirini. Mwambie na hilo pia. Akiona umemwokolea mteja wake elfu kadhaa za gesi isiyohitajika, atakutaja.

Nawe jifunze dalili zao. Unapokuwa juu ya paa ukakuta tangi linavuja au waya wa sola umetafunwa na panya, hiyo ni kazi ya mwenzako.

---

Bi_Hesabu

Namna ya kumpeleka mtu, kwa sababu hapa ndipo makundi mengi yanavunjika. Usitoe namba ya mteja kabla hajakubali. Mbali na adabu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Muulize mteja kwanza, kisha tuma ujumbe mmoja wenye watu watatu: mteja, fundi, na wewe. "Huyu ni fundi bomba, tangi lako la jikoni linavuja kwenye valvu, anaweza kuja kesho saa tatu." Fundi ajibu kabla ya siku kuisha. Akichelewa zaidi ya siku mbili, mtaje kwenye mkutano. Ukimpeleka fundi mbovu, lawama inakurudia wewe, kwa hiyo mara ya kwanza mpe kazi ndogo.

Kazi ikiharibika, mkubaliane mapema: aliyefanya anarudi bila malipo ya kazi ndani ya siku 30, vipuri vina masharti yake. Iandikeni kwenye risiti.

Na picha za kazi msizitume kwenye kundi kubwa zikionyesha lango, jina la nyumba au namba ya geti. Nyumba ya Mei ambayo haina mtu, ukiitangaza kwa watu 600, umewaambia na wasiokuhusu.

---

BaridiMalindi

Nimeelewa. Yupo msafishaji wa mabwawa anayezunguka Casuarina siku za Jumanne, nitaanza naye, kisha fundi bomba.

---

KaskaziNaKusi

Mpate kabla ya saa tatu. Jua likipanda keshamaliza klorini, amehamia nyumba nyingine.